Arusha hadi Seronera: safari ya kuchagua lenzi moja ya wanyama

Jumamosi jioni, Arusha

Tumechanga fedha za lenzi moja. Tuko watatu: mimi, ambaye kazi yangu ya kila wiki ni harusi na send-off; binamu yangu, ambaye ndege wamemteka moyo tangu shule ya msingi; na kaka mmoja mwalimu wa biolojia, anayetaka wanafunzi wake waone mnyama wa Tanzania aliyepigwa picha na Mtanzania. Lenzi itakuwa ya wote, itazunguka nyumba kwa nyumba kama fedha za upatu. Kwa hiyo haitoshi impendeze mmoja wetu. Lazima itufae sote watatu, na njia pekee tuliyoona ya kuamua ni kwenda porini na zile mbili tunazozishindanisha, kuzitumia kwa zamu, kisha kurudi na jibu.

Sote tuna kamera za Sony, basi ugomvi uko hapa. Ya kwanza ni 100-400 ya f/4.5-5.6, iliyotoka mwaka 2017, uzito wake gramu 1,395. Namba za kwanza ni urefu wa lenzi kwa milimita, ukizidi mnyama anakuja karibu; ile ya f ni tundu la kuingizia mwanga, ikiwa ndogo mwanga ni mwingi. Ya pili ni 200-600 ya f/5.6-6.3, iliyotoka 2019, gramu 2,115 kabla hujafunga mguu wake wa stendi. Tumezikodi zote mbili. Nimebeba pia 70-200 ya f/2.8 ninayopigia harusi, telekonvata ya 1.4 (kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi kuongeza urefu wake mara 1.4), na miili miwili ya kamera: mmoja wa fremu kamili, yaani wenye kihisi kikubwa cha kupokea picha, mwingine wa kihisi kidogo cha APS-C, kinachopunguza upana wa picha kama vile lenzi imerefuka mara 1.5. Mwenye Canon anakutana na swali hilihili kati ya 100-500 na 200-800. Mwenye Nikon, kati ya 100-400 na 180-600. Majina yanabadilika, mzani ni uleule: wepesi na upana upande mmoja, urefu upande wa pili.

Mwalimu aliuliza mbona hatuitaji 600 ya f/4. Ilipotoka mwaka 2019 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 13,000, na uzito wake ni kilo tatu na gramu 40. Tukaifunika hiyo mada, tukanywa chai.

Kabla ya kulala nimeandika hesabu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika nyuma ya kamera. Kwa fremu kamili, mnyama akiwa mita 100, picha ya 600 inabeba upana wa mita 6. Ya 400 inabeba mita 9. Ya 200, mita 18. Akiwa mita 50, gawa kwa mbili. Akiwa mita 200, zidisha kwa mbili. Ukijua simba ana urefu wa takriban mita mbili bila mkia, umeshajua atajaza kiasi gani cha picha kabla hujainua kamera. Nashangaa jinsi watu wanavyobishana kuhusu lenzi miezi mizima bila kuifanya hesabu hii ya dakika tano.

Jumapili, Tarangire

Kilomita kama 120 kutoka Arusha, tumefika getini mapema. Dereva wetu ni mzee aliyezeekea kwenye barabara za hifadhi za kaskazini. Tulipomwamkia "Shikamoo mzee" akaitikia "Marahaba wanangu," kisha akauliza swali ambalo muuza lenzi hajawahi kuniuliza: "Mnataka kupiga nani, na akiwa anafanya nini?"

Tarangire ilijibu kwa tembo. Ni Februari, majani ni marefu na maji yako kila mahali, kwa hiyo makundi hayajabanana mtoni kama yanavyofanya kati ya Julai na Oktoba. Lakini tuliowapata walikuwa karibu mno. Familia ilivuka barabara mbele yetu, kisha jike kubwa akasimama ubavuni mwa gari, mita 10 hivi, akivuta majani na kuyapigapiga mguuni ili udongo udondoke. Mwalimu alikuwa na 200-600. Kwa mita 10, 200 inabeba upana wa mita 1.8 tu. Alipata jicho, kope, mikunjo ya ngozi na nusu ya sikio. Picha nzuri, tena nzuri sana, lakini ndiyo pekee aliyoweza kuipata. Binamu yangu, mwenye 100-400, alirudi hadi 100 akapata kichwa kizima na pembe zote mbili. Mimi na 70-200 yangu nilirudi hadi 70, nikapata upana wa mita tano: tembo, ndama wake katikati ya miguu, na shina la mbuyu nyuma yao.

Hapo 200-600 ilipoteza alama. Tembo wa Tarangire hahitaji lenzi ndefu, anahitaji lenzi inayoweza kurudi nyuma, kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kurudi nyuma: uko ndani ya gari, na Mzee hawezi kuwasha injini na kurudi kinyumenyume mbele ya mama mwenye ndama.

Saa sita mchana tulisimama juu ya kinamasi cha Silale. Mbali kulikuwa na nyati na korongo, na zaidi ya hapo tembo wamezama hadi tumboni. Nikaweka 600, nikapiga mfululizo. Kwenye skrini ndogo zilipendeza. Nilipokuza, kila mnyama alikuwa na kingo zinazoyeyuka. Lenzi haina lawama hapo. Ardhi imeshika joto, hewa iliyo karibu nayo imepata moto na ile ya juu bado imepoa, mwanga unapopita katikati ya tabaka hizo unapinda na kuchezacheza. Lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na mnyama. Kuongeza milimita hakusaidii. Kuongeza kasi ya shata, yaani kufupisha muda ambao kamera inapokea mwanga, hakusaidii. Lenzi ya dola 13,000 nayo ingeona hewa ileile. Dawa ni mbili tu, kusogea au kuja asubuhi.

Mzee alisema neno ambalo nimelichukua kama lilivyo: "Kuanzia saa nne, mpigeni aliye karibu. Aliye mbali mwacheni hadi kesho alfajiri."

Jumatatu, Ziwa Manyara

Leo ni fupi. Msitu wa Manyara unaoteshwa na maji ya chini ya ardhi yanayochuruzika kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na miti yake inaziba anga. Tuliingia asubuhi na mapema tukakuta kima wanacheza juu ya vichwa vyetu na nyani wamejaa barabarani. Wanyama wako mita 8, mita 15. Urefu si tatizo. Giza ndilo tatizo.

Nilipima. Kwa 200-600 ikiwa mwisho wake, f/6.3, kasi ya shata 1/250, kamera ilidai ISO 12,800 (ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga hafifu; ikipanda, picha inajaa chembechembe). Kwa 70-200 ikiwa f/2.8, kasi ileile, ISO 2,500. Tofauti ya f/2.8 na f/6.3 ni mwanga mara tano, na ndani ya msitu mara tano hizo zinaonekana wazi kwenye manyoya ya kima: upande mmoja unaona unywele mmojammoja, upande mwingine chembechembe zimeanza kuula. Zipo programu za kusafisha chembechembe na zinafanya kazi ya kustaajabisha siku hizi, lakini hakuna inayorudisha unywele ambao kamera haikuuona.

100-400 na 200-600 hapa zilikuwa sawa kwa vitendo. Moja ni f/5.6 kwenye 400, nyingine f/6.3 kwenye 600. Tofauti ya theluthi ya stopu, na stopu moja nzima ni mwanga mara mbili. Anayesema ananunua ya kwanza kwa sababu ya mwanga anajidanganya. Sababu nzuri za kuinunua zipo, hiyo si mojawapo.

Ziwani flamingo walikuwa mstari wa waridi kwa mbali, na joto lilikuwa limeshaanza. Tukapita.

Jumanne, Kreta ya Ngorongoro

Tumelala Karatu, tukaondoka kabla ya saa kumi na mbili. Kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mzee aliendesha kwa kusikiliza. Tukashuka kwa barabara ya Seneto. Chini, mita kama 600 kutoka ukingoni, jua lilikuwa limeshatoka, na uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi ukafunguka mbele yetu.

Hapa gari haliachi barabara. Sheria hiyo nzuri ndiyo inayowaacha wanyama wapumue, na ndiyo inayokufundisha maana ya lenzi. Umbali haupangi wewe. Unapangwa na mnyama na barabara. Unachonunua dukani ni uwezo wa kuukubali umbali huo bila kumsumbua mtu wala mnyama.

Tulimtafuta faru. Tulimwona faru. Mzee alimtambua kwa macho matupu, sisi tukahitaji darubini, kisha tukahitaji kuaminishwa. Mwalimu alikadiria mita 500. Fanya hesabu: 600 kwa mita 500 inabeba upana wa mita 30. Faru mweusi ana urefu wa mita tatu na nusu hivi. Yaani anachukua moja ya tisa ya upana wa picha. Nikafunga telekonvata ya 1.4, lenzi ikawa 840, tundu likashuka hadi f/9, upana ukabaki mita 21. Faru akawa moja ya sita. Kisha nikaweka mwili wa APS-C, na sehemu yake ya picha ikaongezeka tena.

Nilichokipata ni ushahidi kwamba faru yupo. Pembe mbili zinaonekana, masikio yanaonekana, na kuna mawimbi ya joto katikati yetu ingawa ilikuwa saa tatu tu. Mwalimu ameifurahia, kwake, faru mweusi mdogo katikati ya kreta nzima, na ukuta wa Ngorongoro nyuma yake, ni somo kamili la makazi ya mnyama. Na kweli, tulipolinganisha baadaye, picha aliyopiga kwa 100 tu, faru akiwa nukta kwenye nyasi za dhahabu, ndiyo iliyotukalisha kimya zaidi ya ile ya 840.

Nataka niliseme hili kwa uzito kwa sababu watu wengi wanaongeza telekonvata wakidhani wanaongeza lenzi. Telekonvata ya 1.4 inakula stopu moja ya mwanga. Ya 2 inakula mbili. Inafaa pale ambapo mnyama yuko mita 40 na unataka awe mkubwa zaidi, ndege mdogo kwa mfano, asubuhi yenye mwanga safi. Kwa mnyama aliye mbali sana inakuza hewa.

Karibu na chemchemi ya Ngoitokitok simba wawili wa kiume walitembea hadi kwenye kivuli cha magari. Kivuli cha magari, ndiyo, wakalala ubavuni mwa tairi. Kwenye gari la jirani alikuwa mgeni mmoja mwenye 600 ya f/4, ile ambayo sisi tumeifunika kwa chai. Chombo cha ajabu. Simba walipokuwa mita 60 sikuwa na shaka kwamba picha zake zinazidi zetu. Walipofika mita 15 alishindwa kuwaingiza, akaiweka kitini kwa mikono miwili, akaanza kutafuta kamera nyingine ndani ya mkoba. Sisi tulizungusha zumu, gurudumu la kubadili urefu wa lenzi.

Jumatano, njia ya Ndutu

Vumbi. Barabara inayoshuka kutoka Ngorongoro kuelekea uwanda ina vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano, na linaingia mahali ambapo hewa inaingia. Hii ni sehemu ya kuchagua lenzi ambayo jedwali la dukani halina.

100-400 hurefuka unapoivuta: pipa la ndani linatoka nje na kurudi. 200-600 inavuta kwa ndani. Urefu wake haubadiliki, uiweke 200 au 600. Zote mbili zimetengenezwa kuzuia vumbi na unyevu, na sijaona tatizo kwa yoyote wiki hii. Lakini nikifikiria lenzi itakayomilikiwa na watu watatu, itakayopita njia hii mwaka baada ya mwaka, pipa linalotoka na kuingia linanipa wasiwasi zaidi kuliko pipa lililotulia. Kuna faida ya pili: kwa kuwa haisogei, uzito wake haukimbilii mbele, na ukiwa umeilaza juu ya mfuko wa maharage haipigi kichwa chini unapozungusha zumu.

Mfuko wa maharage, tafadhali usisafiri bila huo. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni mzigo. Tulishona mifuko miwili ya turubai Arusha, tukaijaza maharage sokoni, tukailaza juu ya ukingo wa paa lililofunguliwa. Lenzi ya kilo mbili inatulia humo kama imejengewa. Mzee anazima injini, anayekaa mbele anaacha kutikisa mguu, na kwa mnyama aliyetulia unaweza kushuka hadi 1/250 ukiwa 600 na picha ikashika. Kiimarishaji cha ndani ya lenzi kinazuia mtikisiko wa mkono wako. Mwendo wa mnyama hakiuzuii. Huo unazuiwa na kasi ya shata peke yake.

Kubadilisha lenzi tunafanya chini ya kanga, madirisha yamefungwa, paa limeshushwa, mwili wa kamera umetazama chini. Hata hivyo, tulichojifunza ni kutobadilisha kabisa: lenzi ndefu ikae kwenye mwili mmoja, fupi kwenye mwingine, hadi jioni.

Alhamisi, Ndutu

Nyumbu wanazaa. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi uwanda huu wa nyasi fupi kusini mwa Serengeti unajaa ndama, kwa sababu majivu ya volkano yameupa udongo madini na nyasi zake zina lishe ya kumtengenezea mama maziwa. Ndama wa nyumbu anasimama dakika chache baada ya kuanguka chini. Tuliona mmoja akisimama, akaanguka, akasimama. Mwalimu alilia waziwazi na sikuona haja ya kuangalia pembeni, kwani nami hali yangu ilikuwa hiyohiyo.

Kisha duma. Alikuwa jike juu ya kichuguu, na watoto wawili wakubwa chini yake. Tulikaa naye karibu saa mbili. Mzee alisimamisha gari mbali kuliko nilivyotaka, mita 70 labda, na nilipomwomba asogee kidogo akatikisa kichwa: "Binti, akianza kutuangalia sisi, ameacha kuwaangalia swala. Leo watoto wake hawatakula." Nikanyamaza. Kwa mita 70, 600 inabeba upana wa mita nne na kidogo. Duma na kichuguu chake viliingia bila haja ya kukata picha baadaye. 400 inabeba mita sita na robo. Inatosha pia, lakini utakata.

Binamu yangu alikuwa na 100-400 mkononi, mimi 200-600 kwenye mfuko wa maharage. Swala tomi walipokuwa kama mita 150, duma akashuka, akatambaa, akapotea kwenye nyasi, akatokea anakimbia.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila anayenunua lenzi ya kwanza alisikie. Kwenye 600 kamera inaona pembe ya nyuzi nne tu na kidogo. Mnyama anayekimbia anatoka humo kwa kufumba na kufumbua, na ukishampoteza humpati, kwa sababu ndani ya nyuzi nne kila nyasi inafanana na nyingine. Kwa hiyo alipoanza kukimbia nilirudisha zumu hadi 300 hivi, kasi ya shata 1/2500, nikamwacha awe mdogo kwenye picha lakini awemo. Gurudumu la zumu la 200-600 linazunguka kidogo tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilifika 300 bila kuhamisha mkono. Alipompiga swala kumbo na vumbi likapanda, nikasogeza tena mbele. Picha zilizoshika ni zile za 300. Za mwisho, za vumbi na shingo, ni za 600.

Binamu yangu alikuwa huru zaidi. Gramu 700 zilizopungua mkononi mwake zilimfanya asimame wima, ageuke na mnyama bila kuegemea chochote, na mfululizo wake wa mbio umeshinda wangu. Amenionyesha na nimekubali. Kwa mtu anayepiga kwa mkono, anayepiga ndege wanaoruka, wepesi ni ukali wa picha, kwa sababu mkono uliochoka hautulii.

Jioni tuligeukia mandhari ya nyuma. Watu hununua f/2.8 ili nyuma ya mnyama papotee. Kwa mnyama aliye mita 20, 600 ikiwa f/6.3 ina kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana wazi, cha sentimita 40 hivi. 400 ikiwa f/2.8, kwa umbali huohuo, ina sentimita 40 hivi pia. Urefu unafanya kazi ambayo tundu lingefanya. 400 ikiwa f/5.6, kina ni mara mbili ya hapo. Kwa hiyo anayetaka simba ajitokeze kwenye nyasi zilizofifia hana haja ya kuuza shamba. Anahitaji urefu, na nyasi ziwe mbali nyuma ya simba. Kinachobaki kuwa mali ya f/2.8 ni alfajiri na magharibi, ile nusu saa ambayo chui anatembea na sisi wenye f/6.3 tunahesabu chembechembe.

Ijumaa, Seronera

Tumepita lango la Naabi, tumeingia Serengeti yenyewe, kilomita za mraba 14,763, na mbugani kuzunguka Seronera gari linabaki barabarani. Saa moja asubuhi redio ya gari ikanong'ona: chui, juu ya mwegea, ng'ambo ya mto. Tulikuta magari mengi. Hakuna kusogea mbele, hakuna kuzunguka. Mti uko pale ulipo na barabara iko pale ilipo. Mita 60.

Hesabu ya karatasi yangu: 400, fremu kamili, upana mita 5.4. 600, mita 3.6. 600 kwenye APS-C, mita 2.35. Chui amelala juu ya tawi, mguu mmoja unaning'inia, kichwa kimeelekea kwetu. Kwenye 400 alikuwa chui ndani ya mti mkubwa, majani mengi, anga nyeupe inapenya kila mahali na kuvuta jicho. Kwenye 600 alikuwa chui na tawi lake. Kwenye APS-C, madoa, masharubu, na mkwaruzo mdogo juu ya pua. Nilimwongezea mwanga stopu moja na theluthi kwa sababu anga nyuma yake ilikuwa inaidanganya kamera imfanye mweusi.

Siku zote tulikuwa tukisema 100-400 na mwili wa APS-C ni sawa na 600, kwa kuwa 400 mara 1.5 ni 600. Kwa upana wa picha ni kweli. Ila hoja hiyo inasahau kwamba 200-600 nayo inaweza kufungwa kwenye mwili huohuo, ikawa na upana wa 900, na tundu likabaki f/6.3 palepale. Leo ndiyo ilinielea.

Baadaye kambu alitua kwenye mgunga mita 12 kutoka barabarani, kifua cha zambarau, mabawa ya samawati. Ndege wa ukubwa ule, kwa mita 12, anapendeza kwenye 600 na ni mdogo kwenye 400. Binamu yangu aliomba 200-600 bila kusema neno. Aliishikilia hadi kambu akaruka, kisha hakuirudisha hadi chakula cha mchana.

Jumamosi, kurudi

Tumesimama Naabi kula, kompyuta juu ya meza. Programu inaweza kupanga picha kwa urefu wa lenzi, tukafanya hivyo kwa zile tu ambazo kila mmoja ameweka alama ya kuzitunza. Zimekaa kwenye mafungu mawili. Fungu moja liko chini ya 200: tembo, mandhari, simba wa ubavuni mwa gari, kima wa Manyara. Fungu la pili liko kati ya 400 na 600, na humo nyingi zimegota mwisho kabisa. Katikati, kati ya 200 na 400, kuna mbio za duma na vitu vichache.

Hilo likatuamulia. Fungu la chini tayari tuna lenzi yake. 70-200 yangu ya harusi inalibeba, tena kwa mwanga mara nne ya ule ambao 100-400 ingetupa kwenye 200, ambako tundu lake ni f/5.6. Fungu la juu hatuna lenzi yake kabisa. Ungenipa lenzi moja tu maishani, bila 70-200 pembeni, ningechukua 100-400 na kuishi nayo kwa furaha. Lakini tunayo, basi tunanunua 200-600. Na kwa tuliyosoma, ilizinduliwa Marekani kwa dola 1,998 wakati 100-400 ilizinduliwa kwa 2,498, kwa hiyo itabaki fedha ya mfuko mgumu na ya kichujio kipana cha milimita 95, ambacho si cha bei ndogo.

Binamu yangu hajakubali moyoni. Ametoa hoja ambayo siwezi kuipangua: akitembea kwa miguu pembezoni mwa Ziwa Duluti kutafuta mdiria, kilo mbili shingoni kuanzia asubuhi ni adhabu, na 100-400 inaweza kushika fokasi chini ya mita moja, yaani kipepeo na mjusi pia ni wake, wakati 200-600 inataka mita 2.4. Tumekubaliana hivi: mwezi wa kwanza lenzi inakaa kwake. Atembee nayo Duluti. Akiona haiwezekani, tunaanza mchango wa pili, na safari hii yeye ndiye atakayeshika daftari.

Mzee ameomba picha moja ya duma, ile ya 300. Tunamsafishia Jumatatu.